MAREHEMU MARGARET DAYHOFF NA DAFTARI LA PROTINI

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri umezoea kukutana na washairi, wapigania uhuru na wakimbiaji. Safari hii nakuletea mwanamke wa sayansi, marehemu Bi. Margaret Oakley Dayhoff wa Marekani. Ukimtaja mbele ya wanabayolojia wanaotumia tarakilishi, popote pale duniani, watamjua mara moja, jinsi sisi wa Chama cha Kiswahili tunavyomjua Shaaban Robert. Lakini ukiwauliza alifanya nini hasa, wengi watakujibu kwamba alitengeneza orodha. Naam, orodha! Hebu vuta kiti nikueleze orodha hiyo ilikuwa ya nini, na kwa nini hadi leo mtu akigundua jeni mpya jambo la kwanza ni kuuliza inafanana na nani.

Margaret alizaliwa tarehe 11 Machi 1925 katika mji wa Philadelphia, mtoto wa pekee wa wazazi wake. Baba alikuwa na biashara ndogo, mama alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, na bila shaka damu hiyo ya mama haikupotea. Alipofika miaka 10 familia ilihamia New York. Huko alisoma Bayside High School, akamaliza mwaka 1942 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Akapata msaada wa masomo, akasomea hisabati katika Chuo Kikuu cha New York hadi 1945, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Columbia na kupata shahada ya uzamifu katika kemia mwaka 1948. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu.

Jambo la kukumbuka katika masomo hayo ni mashine alizotumia. Zilikuwa ni zile za kadi zilizotobolewa matundu, ambazo wakati huo zilijulikana zaidi katika maofisi ya wahasibu. Yeye alizipeleka kwenye kemia, akakokotoa kwazo nguvu zinazoshikilia molekuli kubwa. Tangu hapo hakuachana tena na mashine za hesabu.

Mwaka huo huo wa 1948 aliolewa na Bwana Edward Dayhoff, mwanafizikia, wakajaliwa mabinti wawili, Ruth na Judith. Kwa miaka kadhaa kazi ya utafiti ilienda polepole kwa sababu ya malezi. Ilipofika mwaka 1960 ndipo alipoajiriwa katika shirika jipya la utafiti lililoitwa National Biomedical Research Foundation, karibu na Washington. Mwanzilishi wake alikuwa Robert Ledley, mtu aliyesomea udaktari wa meno na pia fizikia, tena mwenye imani kubwa kwamba tarakilishi zingewafaa matabibu. Wengi siku hizo walidhani ni ndoto za mchana.

Sasa kidogo turudi darasani. Mwalimu wa bayolojia ametufundisha kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino, na kwamba asidi amino za kawaida ni aina 20. Ichukue kila asidi amino kuwa herufi moja. Basi protini ni neno refu sana, pengine la herufi 100, pengine 1,000, na kazi ya protini hiyo mwilini hutokana na mpangilio wa herufi zake. Badilisha herufi moja tu na mambo yanaweza kuharibika. Ushahidi tunao hapa kwetu. Ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watu wengi wa Nyanza, Magharibi na Pwani, hutokana na herufi moja ya himoglobini. Mahali pa 6 katika mnyororo wa beta palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki pana valini. Herufi moja kati ya 146!

Kuzisoma herufi hizi haikuwa kazi ya mchezo. Mwingereza Frederick Sanger ndiye wa kwanza kuisoma protini nzima, nayo ni insulini ya ng'ombe yenye herufi 51. Kazi hiyo ilimchukua miaka kama 10 na ikampa Tuzo ya Nobeli mwaka 1958. Protini ndefu haikusomeka kwa mkupuo mmoja. Ilibidi ikatwekatwe kwa vimeng'enya, vipande visomwe kimoja kimoja, halafu viunganishwe kwa kutazama mahali vinapopishana, kama mtu aunganishaye nakala tatu za barua moja zilizoraruliwa na kuchanganywa. Mwaka 1962 Bi. Dayhoff na Ledley walitangaza programu waliyoiita COMPROTEIN, iliyofanya kazi hiyo ya kuunganisha kwa tarakilishi aina ya IBM 7090. Walipoijaribu ilitoa jibu kwa dakika chache. Chumba kizima cha mitambo, lakini dakika chache.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la daftari. Protini zilikuwa zinasomwa huku na huko, kila mtaalamu anachapisha yake katika jarida lake, na hakuna mahali pamoja pa kuzitazama. Mwaka 1965 yeye na wenzake watatu, Richard Eck, Marie Chang na Minnie Sochard, walitoa kitabu kilichoitwa Atlas of Protein Sequence and Structure. Ndani yake mlikuwa na protini 65, karibu zote zilizokuwa zimesomwa duniani hadi wakati ule. Kitabu chenyewe chembamba. Lakini kilikuwa daftari la kwanza la aina hiyo, na matoleo yaliyofuata yalizidi kunenepa mwaka hata mwaka.

Kwa ajili ya daftari hilo Bi. Dayhoff alifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi hiyo analitumia leo bila kujua lilitoka wapi. Wataalamu walikuwa wakiandika kila asidi amino kwa herufi tatu, na kistari katikati. Kadi ya tarakilishi ilikuwa na safu 80, kwa hiyo iliingia asidi amino 20 tu. Yeye akaamua kila moja ipewe herufi moja, na kadi ile ile ikabeba 80. Hesabu ya mama wa nyumbani anayejua kupanga gunia! Alanini ikawa A, glisini ikawa G. Palipokuwa na vita ni kwenye T, maana threonini, tairosini na triptofani zote zilikuwa zinaigombea. Threonini ikashinda, tairosini ikapewa Y, na triptofani, ambayo umbo lake lina pete mbili, ikapewa W iliyo pana. Mwaka 1968 kamati ya kimataifa ya majina ya kemia iliukubali mtindo wa herufi moja.

(Msidhani alikaa na protini peke yake. Katika miaka hiyo hiyo alishirikiana na Carl Sagan, yule mwanafalaki maarufu, kukokotoa gesi zinazoweza kupatikana katika anga za sayari kama Zuhura na Mshtarii. Mtu wa kadi za matundu haogopi mbingu wala ardhi.)

Haya, sasa tufike penye utamu. Ukishakuwa na daftari, unaweza kulinganisha. Na kulinganisha ni jambo ambalo sisi wa Chama cha Kiswahili tunalijua bila kwenda maabara. Mswahili husema mtu. Mkikuyu na Mkamba husema mũndũ, Mluhya husema omundu, Mganda omuntu, Mzulu umuntu. Hata mtoto ataona kwamba maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Tena ukitazama vizuri utaona kwamba t, nt na nd hupokezana kwa urahisi, lakini huoni t ikigeuka kuwa m hivi hivi. Kwa hiyo anayetaka kujua kama maneno mawili ni ndugu hahesabu tu herufi zilizo sawa. Anajiuliza pia zile zisizo sawa ni za aina inayopokezana au la.

Hivyo ndivyo alivyofanya Bi. Dayhoff kwa protini. Yeye na wenzake walichukua makundi 71 ya protini ambazo undugu wake haukuwa na shaka, wakahesabu mabadiliko ya herufi yaliyotokea, yakafika 1,572. Kutokana na hesabu hiyo, iliyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 1978, walitengeneza jedwali la alama linaloitwa PAM. Kila jozi ya herufi ina alama yake. Jozi inayoonekana mara nyingi miongoni mwa ndugu kuliko inavyotazamiwa kwa bahati tu hupata alama ya kuongeza, na ile isiyoonekana hukatwa.

Jedwali hilo lina maajabu yake. Katika lile linalotumika sana, PAM250, W ikikutana na W mwenzake hupata alama 17, kwa sababu W ni adimu na haipendi kubadilika. S ikikutana na S hupata 2 tu, kwa kuwa S ziko tele na hubadilika ovyo. Na D ikikutana na E, ambazo si herufi moja, hupata 3. Yaani herufi mbili tofauti zinaweza kuwa ushahidi mzito kuliko herufi mbili zilizo sawa! Mimi nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kumwita mama huyu mtengeneza orodha.

Kwa jedwali hilo tarakilishi inaweza kuchukua protini mpya, kuilaza kando ya kila protini iliyomo daftarini, na kujumlisha alama. Ikipata sehemu mbili ambazo jumla yake inapita kiasi cha bahati nasibu, inatoa taarifa kwamba hapa pana mfanano. Lakini mfanano si jina. Mfanano ni habari, na habari isiyo na viungo vyake ni uvumi. Ni lazima iandikwe kwamba protini hii, kuanzia herufi fulani hadi fulani, inafanana na protini ile, kuanzia herufi fulani hadi fulani, kwa alama kadhaa, kwa jedwali fulani. Programu za siku hizi huuhifadhi kila mfanano kama kijikaratasi chake chenyewe kilichotundikwa kwenye protini, chenye mwanzo, mwisho, mwenzi na alama. Ni kama yale maelezo tunayoandika kwa penseli pembeni mwa vitabu vya fasihi. Ukigundua kwamba umeelewa vibaya unafuta penseli, na maneno ya mwandishi yanabaki yalivyo. Herufi ni za maabara, maelezo ni ya msomaji. Ukivichanganya viwili hivyo umeharibu kitabu.

Mfano mzuri ni kazi ya Bi. Dayhoff mwenyewe na msaidizi wake Winona Barker. Mwaka 1911 daktari Peyton Rous wa New York aligundua kwamba uvimbe wa saratani wa kuku unaweza kuambukizwa kwa kitu kidogo kuliko bakteria, ambacho leo tunakiita virusi. Baadaye sana ikajulikana kwamba ndani ya virusi hivyo mna jeni moja, src, ndiyo yenye kuleta balaa, na herufi za protini yake zikasomwa. Kwingineko, watu wengine kabisa walikuwa wanaisoma protini ya moyo wa ng'ombe, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti juu ya protini nyingine. Hiyo ilichapishwa mwaka 1981. Nani angefikiri kuulinganisha uvimbe wa kuku na moyo wa ng'ombe? Hakuna aliyehitaji kufikiri. Zote mbili zilikuwa daftarini, na mwaka 1982 Barker na Dayhoff wakatangaza kwamba ni ndugu.

Tazama sasa uzito wa maneno. Kama wangechukua jina la kile kimeng'enya cha ng'ombe na kulibandika zima zima juu ya src, wangewapoteza watu. Kimeng'enya cha ng'ombe hubandika fosfeti kwenye serini na threonini, tena hungoja amri ya molekuli nyingine ndogo. Src hubandika kwenye tairosini, wala haingoji amri hiyo. Ni ndugu, lakini kila mmoja ana shamba lake. Walichosema wao ni kwamba sehemu hii inafanana na sehemu ile. Hilo lilitosha kufungua mlango, kwani lilionyesha kwamba jeni ya saratani ni jamaa wa protini za kawaida zinazofanya kazi za kawaida katika miili yetu.

Si wote waliokuwa waangalifu hivyo baadaye. Protini moja ikipewa jina lisilo lake kwa sababu ya kufanana nusu, ya pili inanakili kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, na baada ya muda hakuna anayekumbuka kwamba mwanzo wa yote ulikuwa ni mfanano wa alama chache. Kosa linasafiri kama uvumi wa bwenini. Dawa yake ni ile ile, kuacha kila maelezo yaonyeshe yalikotoka. Na msifikiri haya ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2005 wataalamu, wakiwemo wa kituo cha ILRI hapa Nairobi, walitangaza jeni zote za Theileria parva, kijidudu kinachosababisha ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na kuwaua ng'ombe wa wafugaji wetu. Jeni zenyewe ni karibu 4,000. Kuzijaribu zote moja moja maabarani ni kazi ya vizazi. Hatua ya kwanza ni ile ile ya Bi. Dayhoff, kuuliza kila moja inafanana na nani, na kuandika jibu bila kulitia chumvi.

Je, mama huyu alienziwa alipokuwa hai? Kiasi. Mwaka 1980 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha wanabayofizikia cha Marekani, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho. Lakini palikuwa na wasomi waliomwona kama karani. Kwao, utafiti ulikuwa ni kushika chupa na kemikali, na anayekusanya matokeo ya wengine, hata kwa bidii namna gani, hakuwa mtafiti kamili. Kuna chama kimoja kikubwa cha wanakemia ambacho ombi lake la uanachama lilipata kikwazo kwa sababu hiyo hiyo. Fedha nazo zilikuwa za kubahatisha, misaada ikija na kukatika, hivyo shirika lake likawa linauza kitabu, na baadaye kanda za sumaku zenye mipangilio, ili kazi iendelee. Walionunua hawakuruhusiwa kugawia wengine.

Hili la mwisho lilimgharimu. Serikali ya Marekani ilipoamua kuanzisha hifadhi ya taifa ya mipangilio ya DNA, yeye na wenzake walijitokeza wakiwa na uzoefu mkubwa na daftari lililokuwa tayari limeunganishwa kwa simu tangu mwaka 1980, hata mtu aliye mbali akaweza kuuliza. Hata hivyo, mwaka 1982 kazi ilienda kwa kundi la Los Alamos, ambalo liliahidi kuacha kila kitu wazi kwa yeyote. Ndiyo GenBank tunayoijua leo. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki. Watafiti waliotoa mipangilio yao bure hawakupenda kuiona ikiuzwa na kufungiwa, na yule aliyeipanga kwa miaka 17 bila mshahara wa uhakika alikuwa na wafanyakazi wa kulipa. Ila uchungu lazima ulikuwepo.

Hakukata tamaa. Mwanzoni mwa mwaka 1983 alipeleka ombi jipya la fedha, ili pajengwe kituo cha kudumu cha kuzitambua protini. Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 1983, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 57.

Fedha zilikuja mwaka 1984, na Ledley na Barker ndio walioendesha kituo hicho. Programu mpya za kutafuta mfanano zikafuata, FASTA mwaka 1988 na BLAST mwaka 1990. Mwaka 1992 Steven na Jorja Henikoff walitoa jedwali jingine la alama, BLOSUM, ambalo sasa linatumika zaidi kuliko PAM, ingawa wazo ni lile lile. Mwaka 2002 daftari la Bi. Dayhoff liliunganishwa na yale ya Ulaya, yakawa hifadhi moja iitwayo UniProt, yenye mamilioni ya protini, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure. Insulini ya ng'ombe imo humo. Leo inajulikana kwamba mwili huianza kama mnyororo wa herufi 105, kisha huukata. Kwa hiyo herufi 51 za Sanger zimetundikiwa maelezo yake kando: mnyororo wa B kuanzia herufi ya 25 hadi ya 54, mnyororo wa A kuanzia ya 85 hadi ya 105.